Kwa Nini Nyigu Hujenga kwa Udongo Mbichi

Kaeni vizuri, na anayeijua habari hii kwa namna nyingine akaisimulie kwao. Zamani, kabla kuta hazijajua ufagio, Nyigu alikuwa na kiuno kinene kama mtungi, na kwa ufinyanzi hakuwa na mpinzani. Siku hizo kila mfinyanzi alimpelekea Mzee Moto vyungu vyake avichome.

Mwaka mmoja mawingu ya masika yalitanda mapema, na Nyigu ana watoto kumi na wawili wasio na nyumba. Akafinyanga vyungu kumi na viwili, kila mtoto na chake, akavisugua kwa kokoto, akavipaka ngeu, ule udongo mwekundu, vikang'aa kama buni zilizoiva. Siku ya pili tu, huyo kwa Moto.

Moto alikigusa kimoja, akakunja uso. Akamwambia avirudishe kivulini siku saba, maana udongo bado ulikuwa na maji tumboni.

"Mzee, mimi nina watoto, sina siku saba," Nyigu akamkatiza. "Wewe kazi yako kula. Kula basi."

Moto akala. Cha kwanza kikalia pa, cha pili pa, hata cha kumi na mbili. Vikabaki vigae.

Hasira iliyompanda Nyigu haina kipimo. Alijifunga kibwebwe, akakikaza, na kila alipokumbuka chungu kimoja akakikaza tena. Akaenda kwa Chura, mwamuzi wa kinamasi, akamshtaki Moto kwa wivu, kwa ulafi, hata kwa uchawi. Chura hakubishana naye. Aliokota kigae, akakivunja: nje chekundu, ndani bado kibichi.

"Mama Nyigu," akasema, "hili si jino la Moto. Ni maji yako mwenyewe, yalikuwa yanatafuta mlango."

Kinamasi kizima kikacheka. Nyigu akaapa kwamba nyumba ya mwanawe haitaonja moto tena, akaondoka akivuma. Alipokuja kufungua kibwebwe, kiuno kilikuwa uzi.

Na tangu siku hiyo Nyigu hujenga kwa udongo mbichi, chini ya mapaa yenu, mvua isikofika. Msogezee kijinga cha moto uone kama kesi ile ameisahau. Lakini mtazameni vizuri akiwa kazini: hubandika kitonge kimoja, hungoja kishike, ndipo akafuata kingine. Subira amejifunza. Kukiri kwamba alifundishwa, hilo ndilo hataki, na ndilo analolalamikia mpaka leo ukutani kwenu.