Mtamba wa Sikukuu ya Parokia

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, parokia moja ya milimani iliandaa mbio ndefu za walemavu siku ya sikukuu yake. Zawadi ilikuwa moja tu: mtamba wa ng'ombe, mwenye mimba.

Basilisa alikuwa kipofu. Alikimbia ameshika kamba fupi pamoja na dada yake Fausta, aliyekuwa macho yake. "Jiwe. Kushoto. Mteremko, mdogo wangu." Ndivyo walivyofanya mazoezi miaka yote, Fausta akiacha uji wake mekoni. Basilisa alimtaka mtamba yule mno. Wanawe walikunywa chai ya rangi mpaka wamesahau ladha ya maziwa.

Walitangulia. Nyuma yao akaja Rosaria, mwanamke wa mkono mmoja, na mdomo wake: "Basilisa, geuka unione ninavyokuja!"

"Nikuone kwa macho gani, mchokozi wewe?"

Wakacheka, pumzi zimewaishia. Wengine walikuwa nyuma sana.

Kwenye mteremko wa mwisho Fausta akateguka mguu, akaanguka. Basilisa akasimama katikati ya njia, amechoka, hajui mbele ni wapi. Rosaria akampita. Fausta akalia, "Rosaria, kwa jina la Mama Maria, shika kamba! Na kwenye mstari wa mwisho usimtangulie, kiongozi akitangulia wanamtoa kipofu mashindanoni!"

Rosaria akarudi. Akashika kamba kwa mkono wake pekee. Sasa hakuwa na wa kujifutia jasho, wala wa kupokelea maji.

"Jiwe," alisema, sauti imekauka. "Jiwe tena. Mungu wangu, nimechoka."

"Hata mimi."

Mstarini Basilisa akasikia kamba imelegea. Akajua Rosaria amesimama kumpisha. Moyo ukamwambia simama naye. Miguu ikaenda.

Paroko akaja na mtamba, kamba yake mkononi.

Rosaria akasema, "Padri, nilikuwa mbele nikarudi. Mkono ninao mmoja, nikautoa. Nipe mimi."

Fausta, aliyeletwa amebebwa mgongoni, akasema, "Bila mimi Basilisa asingefika hata kisimani, seuze hapa. Na nani alimwita Rosaria? Nami nina watoto. Nipe mimi."

Basilisa alikuwa amekaa chini. "Miguu ni yangu, na mstari nimevuka mimi. Lakini Padri, kamba ilipolegea nilijua. Nilijua, nikaenda. Na bado namtaka mtamba."

"Kumbe ulijua," Rosaria akasema. Hakuwa na nguvu hata ya kukasirika.

Paroko akawatazama, mmoja mmoja. Mtamba akainama akala majani.

Haya, ninyi mliosikiliza, semeni: kamba ya mtamba yule ilistahili mkono wa nani?