Kitufe Kilichofichwa

Watu hudhani shibe ni ya tumbo tu. Ipo na shibe ya macho, na aliyeshiba macho ni mgumu kuambilika.

Fundi wa tovuti mmoja alikuwa na macho makali kama ya mwewe. Alipewa kazi ya kutengeneza ukurasa wa kuombea miadi katika hospitali ya macho, akaupanga ukapangika: kila kisanduku kikawa na kimo chake, na chochote kitakachozidi kimo hicho kifichwe. Ofisi nzima ikamvisha kilemba cha ukoka.

Mkaguzi wa kazi, mama mwenye miwani mizito, ndiye pekee aliyetia neno.

"Mwanangu, nikikuza maandishi mara mbili, kitufe cha kuthibitisha kinapotea. Viache visanduku virefuke vyenyewe."

"Na wewe mama! Nani anakuza maandishi hivyo? Utaniharibia sura ya ukurasa."

"Hii ni hospitali ya macho, baba."

Fundi akacheka, akauweka ukurasa hewani vilevile. Maneno yale yaliingia sikio hili yakatokea la pili.

Sasa shangazi yake, aliyemlea tangu angali mtoto mchanga, alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha kufa, limebaki la kulia, na daktari alimhimiza aombe miadi ya upasuaji upesi. Jirani alitaka kumsaidia, akakataa katakata.

"Ukurasa wa mwanangu nijaziwe na mtu? Thubutu!"

Akakuza maandishi mpaka neno moja likajaza simu. Akaandika jina, umri, tarehe. Chini ya tarehe hakuona kitu, akajua amemaliza. Siku ilipofika alikwenda hospitali alfajiri, akaambiwa jina lake halimo. Nafasi nyingine ilikuwa baada ya miezi mitatu. Jicho halikungoja.

Fundi alipoishika simu ile na kuutazama ukurasa, aliona kisanduku kimekimeza kitufe. Akaketi chini, mbele ya shangazi yake.

"Kitufe kilikuwepo, shangazi. Nilikificha mimi."

"Ukakificha? Kwa nini, mwanangu?"

"Ili ukurasa uwe mzuri."

Shangazi akanyoosha mkono, akaupapasa uso wa fundi kuanzia paji hadi kidevu, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kuuona.

"Mzuri kwa nani?" akauliza.

Fundi alilia kwa uchungu, lakini maji yalikwisha kumwagika. Kweli, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.