Fungo na Zabadi ya Bandia

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama wakijipamba kama watu, palikuwa na Fungo. Fungo alitengeneza zabadi, na msitu mzima haukuwa na manukato ya thamani kama hayo. Alitia matone machache katika kibuyu kidogo, akakifunga kwa uzi mwekundu. Hakuwa na haraka. Hata bibi harusi alingoja mwezi mzima, na akashukuru.

Rafiki yake alikuwa Nguchiro. Walikula pamoja, walicheka pamoja. Fungo hakumficha kitu, hata namna ya kulifunga lile fundo la uzi mwekundu.

Siku moja, ngo! ngo! ngo! Ni Bi Tandala, kibuyu mkononi.

"Fungo we! Mwanangu kajipaka zabadi yako siku ya harusi. Kawashwa mwili mzima, kwaru kwaru kwaru, mpaka bwana harusi kakimbia!"

Fungo akakitazama kibuyu. Uzi wake. Fundo lake. Akanusa. Lo, uvundo!

"Bi Tandala, hiki sikukitengeneza mimi... au nilikitengeneza?"

Kesho yake akaja Ngiri, kwaru kwaru. Keshokutwa Pundamilia, kwaru kwaru. Fungo akamkimbilia Nguchiro.

"Ndugu yangu, nimechanganyikiwa. Vibuyu ni vyangu, harufu si yangu."

Nguchiro akatikisa kichwa kwa huruma. "Ni pua yako, sahibu. Imezeeka. Mimi naona vinanukia vizuri tu. Pumzika."

Fungo akaamini. Amkatae rafiki, aiamini pua? Akanusa ua: hili ni ua kweli? Akanusa uji: huu ni uji kweli? Akaacha kazi.

Mwezi ukapita hajatengeneza hata tone. Mara akaja Kanga, anajikuna, manyoya yanapukutika.

"Fungo, zabadi yako ya jana imeniua!"

"Ya jana?" Fungo akashika kichwa. "Ya jana ipi?"

Akaenda mbio kumuuliza rafiki yake. Akakuta chungu, tokota tokota tokota. Ndani mafuta yaliyovunda. Kando majani ya upupu, na vibuyu tele vyenye uzi mwekundu.

"Nguchiro, wapika nini?"

"Uji, sahibu."

"Uji wafungwa kwa uzi?"

Nguchiro akainamisha macho. "Wanunuzi walikuwa wengi, Fungo, nawe wafanya polepole. Nikasema, hawatajua."

"Na pua yangu?"

"Pua yako haina kasoro."

Fungo akawaita wote, akawaonyesha. Wakavivunja vile vibuyu, pa! pa! pa! Nguchiro akatoka mbio, hakutazama nyuma. Fungo akampelekea binti wa Bi Tandala zabadi ya kweli, akamwomba radhi. Bwana harusi akarudi, kwa aibu.

Jioni Fungo akala peke yake. Akanusa wali: ni wali. Hakujua aifurahie pua yake au amlilie rafiki yake. Akacheka, machozi yakidondokea sahani.

Basi sikilizeni, wakubwa kwa wadogo: kitu bandia huwasha ngozi, na ngozi hupoa. Rafiki bandia hukufanya usiiamini hata pua yako.

Hadithi yangu yaishia hapo. Aliyeisikia aichukue, aliyesinzia amuulize jirani.