Kindi na Sanduku la Lenzi

Hapo zamani za kale, wanangu, ukungu ulipokuwa mzito kiasi cha kuegemewa, wanyama wa mlimani walikuwa na nyumba, na vitanda, na birika za chai, na hata kamera za kupigia picha. Asubuhi ulimsikia jirani kabla hujamwona. "Hodi!" ilitangulia, ikafuata pua, kisha mwili mzima ukachomoza taratibu kama ndoto inayokumbukwa.

Huko aliishi kindi mmoja aitwaye Semeni, mpiga picha. Alikuwa na lenzi moja tu, ile ya kuvuta. Akiizungusha huku, mlima wote unaingia. Akiizungusha kule, krrrr, ndege wa kileleni anasogea hadi puani. Aliifunga kifuani ndani ya khanga, akaruka nayo mti hadi mti.

Wapiga picha wengine walikuwa Bwana Tembo na Bwana Nyati, wenye sanduku kubwa la lenzi. Kulikuwa na ya mbali, ndefu kama mkonga. Ya upana, ya kupigia umati. Ya vitu vidogo, ya pete na hina. Na moja fupi nene, yenye jicho kama kisima, ya kupigia gizani.

"Kila kazi na lenzi yake," Bwana Tembo alipenda kusema. "Hiyo yako, Semeni? Mtaka yote hukosa yote!"

"Ho! Ho! Ho!" Bwana Nyati akacheka, ukungu ukatikisika.

"Sawa, wakubwa," Semeni akajibu. "Lakini mkimaliza kubadilisha, ndege ameshapata wajukuu."

Basi ikafika harusi ya Mwanakheri, binti wa Mzee Swala. Mzee akawaita wote watatu.

"Binti yangu atashuka kutoka kileleni asubuhi," akasema. "Atakayenipatia picha nzuri ya kushuka kwake, ndiye atakayepiga harusi yote, na ndiye atakayekuwa mpiga picha wa mlima huu."

Semeni akapiga hesabu. Akishindwa, ingembidi ahamie bondeni, akaanze upya kwa wageni. Na wale walikuwa wawili: mmoja angeshika lenzi ya mbali, mwingine ya upana. Angewawezaje?

Siku ilipofika, akawaendea mbio.

"Shikamooni, wakubwa!"

"Marahaba. Umekuja kujifunza?"

"Nimekuja kushangaa! Lakini jamani, mali yote hii mmeificha sandukuni? Wageni wataona kamera mbili, lenzi mbili. Watasema mko kama mimi."

"Kama wewe?" Bwana Nyati akashtuka. "Ala!"

"Mngetandika mkeka, mkazipanga zote, vifuniko mkavitoa, kila apitaye aone vioo vinavyong'aa. Hata hizo za kwenye kamera zikae nazo mkekani kidogo. Harusi ipendeze!"

Tembo akamtazama Nyati. Nyati akamtazama Tembo. Sifa zikawawasha kama upupu. Mara mkeka ukatandikwa, lenzi zikapangwa, macho wazi.

Ukungu ukaja bila kishindo. Ukaketi juu ya kila kioo, ukalala hapo.

Ti-ndi! Ti-ndi! Ngoma zikalia. Kule juu ukungu ukapasuka, na Mwanakheri akatokea na wasichana wenzake. Miguu yao haikuonekana. Walikuja kama wanaoelea juu ya maziwa, shela ikiwafuata polepole, na umati ukasahau kupumua.

"Nipe ya mbali!" Bwana Tembo akanguruma. "Loo! Sioni kitu!"

"Ya upana nayo ni uji mtupu!"

"Futa!"

Bwana Nyati akaifuta kwa ulimi. Ikawa mbaya zaidi.

Semeni alikuwa juu ya tawi, lenzi yake ina joto la kifua chake, ukungu haukuishika. Krrrr, mlima wote, kacha! Krrrr, shela, kacha! Krrrr, chozi shavuni, kacha! Kisha ukungu ukajifunga, fwaa.

Mzee Swala alipoziona picha, akapangusa macho. "Harusi ni yako, Semeni."

Semeni akacheza ngoma mpaka mkia ukauma. Lakini adhuhuri Mwanakheri akamshika mkono.

"Dada Semeni, bibi yangu hatoki. Mwanga unamuumiza macho, hata taa yako ya kumulika hataiweza. Kesho naenda kwa mume wangu, na mvua zijazo huenda zisimkute. Nipigie picha yake."

Chumba cha ndani kilikuwa na koroboi moja tu. Bibi aliketi kitandani, uso wake ukija na kupotea kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Kacha! Giza. Kacha! Moshi, na kivuli kinachotetemeka.

"Vipi, dada?"

Semeni akaishusha kamera. Alitoka nje. Tembo na Nyati walikuwa juani wakizikausha lenzi moja moja, kama wanaoogesha watoto.

"Bwana Tembo, niazime ile ya gizani."

"Si unayo ya kila kazi?"

"Hii haiiwezi. Ni ya kumpiga bibi wa Mwanakheri."

Tembo akamkazia macho. "Semeni, nani alitushauri tutandike mkeka?"

Uongo mtamu ulikuwa umeshamfika ulimini. Lakini ndani bibi akakohoa, koh, koh, kikohozi kidogo mno.

"Mimi," akasema. "Nilijua ukungu utakuja."

"Nimkanyage?" Bwana Nyati akauliza.

"Baadaye," Tembo akasema. Alipumulia kioo, akakifuta sana kwa kitambaa laini. "Mlango ule mdogo mimi siingii. Chukua, na kamera yangu pia. Kisha utamwambia Mzee Swala ulichotufanya."

Semeni akaikokota kamera kubwa kuliko mwili wake, akaiegemeza juu ya mto. Akasubiri. Bibi akainua macho, na kioo kikaunywa ule mwanga mdogo wa koroboi, kila kunyanzi likatulia mahali pake. Kacha.

Mwanakheri alipoiona, aliziba mdomo kwa kiganja, akalia.

Jioni hiyo Semeni alisema yote mbele ya wageni, masikio yamelala kwa aibu. Mzee Swala akaamua mlima uwe na wapiga picha watatu, na Bwana Nyati akamkanyaga mkia kidogo tu, ili ahadi isivunjike.

Nami naishia hapa, wanangu, nikiwaachia neno moja: chombo cha kila kazi kitakufikisha mbali, lakini usimharibie mwenzio chombo chake cha kazi moja, maana iko siku utakiomba.