Vipuli vya Mungu wa Milango

Paukwa nimeshapiga, anayesinzia shauri yake!

Palikuwa na sonara, Shekue. Mama mmoja akamletea sarafu ya dhahabu ya Warumi wa kale. "Mwanangu Mwanatumu anaolewa. Nifulie vipuli."

Sarafuni palichorwa mungu wao wa milango: kichwa kimoja, nyuso mbili. Shekue akaitia motoni. Uso wa kulia ukasema, "Ingia!" Wa kushoto ukasema, "Toka!" Akaitia tena: "Ingia!" "Toka!" Mara ya tatu, Shekue kichwa kikamzunguka. Akashika patasi, akaikata katikati: kila uso kipuli chake. Kimya! Akashukuru.

Siku ya harusi, bibi harusi akafikishwa mlango wa chumba cha fungate. Sikio la kulia: "Ingia!" La kushoto: "Toka!" Mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Vivue, mwanangu!" mama akalia.

Mwanatumu akavivua vyote viwili. Kimya. Akatazama ndani, akatazama nje.

"Mama, sasa nimsikilize nani?"

Biriani imepoa, na bibi harusi bado kasimama, anangoja kuambiwa.

Ngano nimeifikisha mlangoni. Kuingia au kutoka, amueni wenyewe.