Chungu Kikubwa cha Mlangoni

Paukwa!
— Pakawa!
Huyo wa nyuma hajaitika. Nitanyamaza nikalale! Paukwa!
— Pakawaaa!

Haya. Wanyama walikuwa na kanisa lao, na kila jumuiya ilipamba mlango kwa zamu. Mwenyekiti wa kanisa alikuwa Mzee Kiboko. Alikuwa na kiti chake mbele, kipana kama kitanda, na alitunga sheria: kilichobarikiwa hakihamishwi mpaka Pasaka. Kiti chake kilibarikiwa, bila shaka.

Zamu ikamwangukia Mama Pimbi, mdogo wa kimo, mwingi wa maneno. Jumapili Askofu Korongo angekuja kubariki mavuno.

"Mlango ukiwa mtupu," Kiboko akasema mbele ya wote, "jumuiya yako itasali nje juani mwaka mzima."

Jumatatu Mama Pimbi akachimba tuta la kushoto, akapanda asumini. Kiboko akapita. Nyafu, nyafu! Yameisha.

Jumanne akachimba tuta la kulia, akapanda mawaridi. Kiboko akapita. Nyafu, nyafu! Yameisha.

Jumatano akajaza maua kwenye ndoo kuukuu za rangi, akazipanga ngazini. Nyafu, nyafu! Kiboko akameza na ndoo moja.

Mama Pimbi akakaa ngazini akalia. Alilia kweli, msicheke. Kisha akapenga kamasi, akaenda mtoni.

"Hodi, Mwenyekiti! Mwaka huu mavuno yote yatamwagwa kwenye chungu kikubwa mlangoni. Maboga, miwa, ndizi! Chungu hicho nitakipata wapi?"

Kiboko akameza mate, glu! "Kikubwa kama nini?"

"Siwezi kusema, Mzee. Nitakukosea adabu."

"Sema!"

"Kama mdomo wako."

"Basi chungu ni mimi! Usimwambie mtu."

Jumapili alfajiri Kiboko akaketi mlangoni, mdomo waaa!

"Meno yanaonekana, Mzee. Chungu chenye meno wapi na wapi? Ngoja niyafunike."

Pu! Udongo. Pu! Samadi. Akapanda asumini huku, mawaridi kule. Maua yakajaa mdomoni mwa Kiboko, na kutafuna hawezi.

Mavuno yakaja. Maboga yakapita kwenda altareni. "Mmh!" Miwa ikapita. "Mmh, mmh!" Ndizi zikapita. "Mmmmh!"

Askofu Korongo akasimama. "Jamani, chungu hiki!" Akakinyunyizia maji ya baraka, chwa, chwa. "Kimebarikiwa. Sheria ya mwenyekiti wenu mnaijua. Kwani mwenyewe yuko wapi?"

"Amepata udhuru," akasema Mama Pimbi. "Kiti chake kisikae bure."

Jumuiya yake yote ikaenea kwenye kile kiti, na nafasi ikabaki.

Hadithi yangu imefika mlangoni, imepangusa miguu, imeingia ndani. Na funzo lake, watoto: waheshimuni wenyeviti wenu. Wamwagilieni maji asubuhi na jioni.