Zamaradi Atafuta Bima

Zamaradi alipata leseni Jumatatu, na kufikia Jumatano mawakala wa bima wa Korogwe walikuwa wameshaziona ajali zake zote zijazo, hadi za uzeeni. Tajiri kuliko wote, Mzee Kimweri, mwenye Prado nyeupe iliyooshwa mara nyingi kuliko watoto wake, alimtajia bei mara mbili ya watu wengine.

"Si uonevu, binti," alisema kwa huruma ya muuza majeneza. "Dereva mpya lazima agonge. Hasa akirudi nyuma."

"Una hakika?"

"Naapa."

"Basi nishauri, mzee wangu. Gari langu liko hapo nje, ubavuni mwa Prado yako. Limekaa karibu mno, hata kioo cha pembeni nimekikunja. Bima sina, na njia ya kulitoa ni kinyumenyume tu."

Akachukua funguo zake mezani, akasimama. Mzee Kimweri akachungulia dirishani, jasho likamtoka.

"Kaa kwanza, mama," alisema. "Nikikutazama vizuri, wewe ni kama dereva wa siku nyingi."

"Niandikie hivyo, na bei yake."

Akaandika, akagonga muhuri. Zamaradi akashukuru, akasema anakwenda kulinganisha na bei ya wakala wa jirani. Mzee akafumba macho asione maafa.

Hakusikia hata muungurumo. Alipofumbua, vijana wa gereji walikuwa wakilisukuma taratibu gari la Zamaradi, ambalo injini yake ilikuwa bado kwa fundi, wakiliegesha ubavuni mwa gari la wakala wa jirani.